Tumbo la Binti Ambaye Hajavunja Ungo

Binti wa miaka tisa akishika tumbo na kulia, washukiwa huwa ni walewale. Nyumbani hutajwa minyoo na chango, zahanati taifodi na U.T.I., na akifika hospitali maumivu yakiwa chini kulia, kidole tumbo. Mara nyingi kweli ni mmojawapo. Lakini ovari haitajwi, maana watu wazima tumeshaamua kuwa kwa mtoto huyu haijaanza kazi.

Uamuzi huo hauna msingi. Mtoto wa kike huzaliwa na ovari mbili zenye mayai yake yote. Hata kichanga anaweza kuzaliwa na uvimbe wa maji kwenye ovari uliochochewa na homoni za mama, na mwingi wa aina hiyo hunywea wenyewe baada ya miezi kadhaa. Hatari kubwa ni ovari kujisokota. Imening'inia kwenye kano, na kwa watoto kano hizo zinaweza kuwa ndefu kiasi cha kuiacha izunguke. Ikizunguka, mishipa inayorudisha damu hubanwa kwanza huku inayoleta ikiendelea kusukuma. Ovari inavimba, inakuwa nyeusi, na ikicheleweshwa inakufa. Kwa mtu mzima aghalabu kuna uvimbe ulioielemea. Kwa mtoto, hata ovari isiyo na kasoro yoyote hujisokota.

Upande wa kulia ndio huathirika zaidi, kwa kuwa kushoto utumbo mpana umejaza nafasi. Hapo ndipo inapochanganywa na kidole tumbo.

Kuzitofautisha kwa kubonyeza tumbo tu ni kazi ngumu, hata kwa daktari mzoefu. Kidole tumbo kwa kawaida huanzia kitovuni, mtoto anakataa chakula, kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia kulia na homa inapanda. Ovari iliyojisokota huuma ghafla, na kutapika huja karibu papo hapo. Ubaya wake ni kwamba inaweza kujisokotoa yenyewe: mtoto anarudi kucheza, wazazi wanaisifu dawa waliyompa, na kesho maumivu yanarudi. Kwa maoni yangu, swali la thamani kuliko mengi ni hili: yamewahi kuja hivi na kuondoka?

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi. Kwa binti hupitishwa juu ya tumbo, kwa hiyo kibofu lazima kijae mkojo ili ovari ionekane. Mtoto akikojoa dakika chache kabla, kazi imeharibika. Na kama amezuiwa kunywa kwa sababu huenda akapasuliwa, dripu itasaidia kukijaza. Mpimaji anatafuta ovari iliyovimba kuliko mwenzake, vifuko vidogo vya mayai vikiwa vimesukumwa pembeni. Ataangalia pia mtiririko wa damu. Asipouona, jambo ni zito. Akiuona, bado hajamaliza kazi, kwa sababu ovari hupata damu kutoka mishipa miwili na msokoto unaweza kulegea wakati wa kupimwa. Ripoti inayosema damu inapita vizuri inaweza kumrudisha nyumbani msichana aliyestahili kuwa chumba cha upasuaji.

Kwa aliyekwisha vunja ungo maswali huongezeka. Uvimbe wa ovari unaweza kupasuka au kuvuja damu, na mara nyingi hutulia bila kisu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kuua. Ndiyo maana mkojo hupimwa mimba hata kwa binti ambaye familia nzima inaapa kwa jina lake. “Mama, naomba utupishe kidogo nizungumze na binti,” daktari atasema, na mama wengi huona wamedharauliwa. Hawajadharauliwa. Yupo pia binti wa miaka 14, matiti yameshakua, hajawahi kuona damu, lakini tumbo humuuma kila mwezi. Huyo achunguzwe kama njia ya damu imeziba.

Daktari akishuku msokoto, kusubiri kipimo kingine ni kupoteza ovari. Tumbo linafunguliwa, au kamera inaingizwa kwa matundu madogo, na ovari inasokotolewa. Zamani ikikutwa nyeusi ilikatwa, kwa kuogopa bonge la damu litasafiri hadi mapafuni. Hofu hiyo haikuthibitika, na ovari nyingi zilizoonekana zimekufa huja kufanya kazi tena. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, ACOG, kilishauri wasichana wasokotolewe ovari na kuachiwa, hata ikiwa nyeusi. Mzazi anayepewa fomu ya ridhaa asione haya kuuliza: “Daktari, mtaitoa au mtaibakiza?”

Saratani ya ovari kwa watoto ni nadra, lakini ipo. Uvimbe ukiwa mgumu au mkubwa, damu hupimwa ili kutafuta dalili zake. Na binti aliyebakiziwa ovari hurudi kwa altrasaundi wiki kadhaa baadaye, uvimbe wa msokoto ukiwa umeshuka, kwa sababu wakati huo ndipo huonekana kama kulikuwa na kitu kingine kilichojificha nyuma yake.