Ufundi wa Majokofu: Riziki ya Halali Mlangoni mwa Ngorongoro

Vijana wetu wengi wa Karatu hutamani kuwa waongoza watalii. Ni kazi njema, lakini waiombao ni wengi, na masika yaingiapo wageni hupungua. Wachache hukitazama chumba cha baridi nyuma ya jiko la hoteli, au mtambo wa kupasha maji. Kwenye ukingo wa Kreta, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi kali. Mgeni huhitaji maji ya moto, na chakula chake sharti kihifadhiwe. Mjini nako, bucha, maduka ya dawa na zahanati hutegemea majokofu mwaka mzima.

Ndugu wazazi, tusiuone ufundi kuwa fungu la aliyeshindwa shule. Nabii Daudi (a.s.) alikula kutokana na kazi ya mikono yake. VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Uaminifu, hata hivyo, hauji na cheti. Fundi anayeongeza gesi huku akijua tundu halijazibwa, au anayemuuzia mteja kompresa mpya ilhali ya zamani ni nzima, amekula haramu. Somo hilo tulifundishe sisi, nyumbani na madrasani, kabla kijana hajashika bisibisi.