Orodha Isiyofutika

Uharamia wa mtandaoni ni kunakili na kusambaza filamu, muziki, vitabu au programu za kompyuta bila idhini ya mwenye hakimiliki. Nakala hizo zimetawanyika katika kompyuta nyingi duniani, na anayezitafuta huhitaji orodha ya kumwonyesha zilipo. Kwa sababu hiyo, wenye haki huiandama zaidi orodha kuliko nakala zenyewe.

Mfano maarufu ni The Pirate Bay, tovuti iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003. Haikuhifadhi filamu wala nyimbo. Ilitegemea BitTorrent, mfumo uliobuniwa na Bram Cohen wa Marekani mwaka 2001, ambamo kila mtumiaji hupokea vipande vya faili kutoka kwa wenzake, naye huwagawia vile alivyokwisha kupata. Tovuti ilitoa viungo na faili ndogo za kuelekeza tu.

Tarehe 31 Mei 2006 polisi wa Sweden walichukua seva zake. Siku chache baadaye ilirudi hewani, kwa kuwa nakala ya orodha ilikuwa imehifadhiwa. Mwaka 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, lakini tovuti iliendelea.

Mwaka 2012 njia ilibadilika. Badala ya faili za kuelekeza, kila kazi ilitambulishwa kwa alama fupi ya herufi na tarakimu, na kompyuta za watumiaji zikawa zinaulizana zenyewe nani anayo. Orodha yote, yenye kazi zaidi ya milioni moja, ilipobanwa haikufika megabaiti 100. Ilienea kwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachobebeka mfukoni. Mahakama zilipoamuru anwani ifungwe, jina jipya lilisajiliwa katika nchi nyingine. Polisi walipovamia tena Desemba 2014, wengine walifungua tovuti za mfano wake kwa kutumia orodha ileile, na yenyewe ikarejea mwishoni mwa Januari 2015.

Sheria nazo hugusa kiungo kimoja kimoja. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, mwenye haki hutuma notisi, kiungo kikaondolewa. Lakini aliyekwisha kukinakili hukibandika pengine.

Hata hivyo, orodha haijitoshelezi. Lazima wawepo watu wa kuchuja viungo vya uongo na vyenye virusi, na wengine wa kuacha kompyuta zao zikiendelea kugawa vipande. Wakiondoka, kiungo hubaki jina tupu. Kwa hiyo kinachoipunguzia orodha nguvu zaidi ni watu kupata njia halali iliyo rahisi. Sweden hiyohiyo ndiko ilikoanzia Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2008, na leo huduma za aina hiyo ndizo chanzo kikuu cha mapato ya muziki uliorekodiwa duniani. Hiyo nayo ni orodha, ila nyimbo zinaposikilizwa, wenye haki hupata fungu la mapato.