Matayarisho ya Kuandika Riwaya

Ndugu msomaji wa Lupaso, sasa unajua kusoma. Unasoma bei ya korosho kwenye ubao wa chama cha ushirika. Unasoma barua ya mtoto aliye Dar es Salaam. Je, umewahi kufikiri kuandika riwaya? Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni, inayojaza kitabu kizima.

Usicheke. Yupo mtu wa kijijini aliyeifanya kazi hiyo. Ni marehemu Mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Mzee huyo aliona desturi za Wakerewe zinapotea. Vijana hawakujua tena babu zao waliishi vipi. Basi akaziweka desturi hizo ndani ya hadithi. Alimaliza mwaka 1945, kwa lugha ya Kikerewe.

Hadithi yake inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Maneno yanazidi, na wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba mkewe, naye anatozwa pombe ya ndizi. Sasa fikiri. Ili aandike habari za pombe hiyo, ilimpasa mwandishi ajue ndizi huivishwa vipi na hukamuliwa vipi. Mambo kama hayo hayabahatishwi. Huulizwa, hutazamwa, hukumbukwa. Hayo ndiyo matayarisho. Kwa maoni yangu, ni kazi kubwa kuliko kuandika kwenyewe.

Wewe uanzeje? Tafuta daftari na penseli. Chagua mtu wa hadithi yako, umpe shida. Labda ni kijana aliyeachiwa mikorosho na baba yake, na baba wadogo wanaitaka. Jiulize: Anataka nini? Nani anamzuia? Akishindwa, atapoteza nini? Kama hapotezi kitu, msomaji atasinzia.

Kisha andika majira ya mwaka. Hapa mimi bwana shamba ni mkali kidogo. Mikorosho ikichanua, tunapuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Kuokota korosho huja baadaye, kuanzia kama Oktoba. Ukiandika kwamba kijana wako aliokota korosho mwezi wa Aprili, watu wa Masasi na Newala watakifunga kitabu hapo hapo. Chora pia ramani ya kijiji chako cha kubuni: kisima kiko wapi, njia ya shambani inapita wapi, nyumba ya nani iko jirani na ya nani.

Jina la jirani yako usiliandike. Badili jina, badili na sura yake. Mambo ya jandoni na unyagoni yana miiko. Waulize wakubwa ni yapi yanayofaa kuandikwa.

Usingoje karatasi nzuri. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alikuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Ilichapishwa mwaka 1980.

Lupaso yetu imekwisha kutoa mwandishi. Mzee Benjamin Mkapa, aliyezaliwa hapa mwaka 1938, alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa Rais. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake. Lakini hicho si riwaya, tena kiliandikwa kwa Kiingereza.

Tukirudi kwa Mzee Kitereza, hakupata wa kumchapishia. Akakitafsiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Lakini maneno ya wazee wake yalikwisha kuwa salama, kwa sababu aliyaandika wakati wenyewe walikuwapo.

Hapa kwetu, waliohamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wakiwa tayari na wake na watoto wamebaki wachache. Kama unaye mmoja jirani, nenda kwake jioni hii na daftari lako. Mwulize siku ile walibeba nini, na waliacha nini.