Tusikimbilie Kumwita Mungu Mama

Katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, kuna kiti cha enzi cha Kinyamwezi cha karne ya 19. Kina mgongo mrefu, na mgongoni fundi amechonga umbo la mwanamke. Ni bibi mzaa ukoo? Mke wa mtemi? Alama ya uzazi? Kwa kulitazama umbo peke yake, kila jibu linakubalika, na hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 1908 huko Willendorf, Austria, ilichimbuliwa sanamu ya jiwe ya mwanamke mnene asiye na uso, kimo chake sentimita 11, umri wake miaka karibu 30,000. Wapo waliomwita mungu mama. Wengine wakasema ni mjamzito aliyejichonga jinsi alivyojiona alipoinamisha kichwa.

Mimi, badala ya kubahatisha kwa umbo, naanzia kwenye njia ya misafara. Ukiifuata kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kama walivyofanya wapagazi wa Kinyamwezi na pembe zao za ndovu, unapita Ukwere na Uzaramo, nchi ya mwana hiti: kijisanamu cha mti kisicho na mikono, chenye kichwa, matiti na kitovu. Mwali aliyewekwa ndani hupewa akitunze, akipake mafuta kama mtoto. Lakini umbo hilohilo huchongwa kwenye bakora ya mkubwa, kwenye kizibo cha kibuyu cha mganga, hata kwenye nguzo ya kaburini. Je, kaburini nako anafundishwa mwali? Maana imo mikononi mwa mtumiaji na mahali kitu kilipowekwa.

Mtafiti Hans Cory alilionyesha hilo vizuri katika kitabu chake cha 1956 kuhusu vinyago vya udongo vya unyago na jando Tanganyika. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na somo lilikuwa katika wimbo. Ukiondoa wimbo, unabaki na udongo uliofinyangwa.

Ndiyo maana naumia nikiona sanamu imeng'olewa ardhini na kupelekwa sokoni. Mkulima wa Tabora akikutana na kichwa cha udongo shambani, akiache palepale na kumwita afisa utamaduni wa wilaya. Majivu yanayokizunguka, mifupa iliyo kando yake, jinsi shingo ilivyovunjika na sehemu zilizolainishwa na vidole: hivyo ndivyo vitakavyosema kilikuwa cha mwali, cha mganga au cha marehemu.