Radi Hutoka Wapi?

Katika likizo fupi ya Aprili nilikuwa nyumbani kwetu, vilimani Tarime. Alasiri moja radi ilipiga mti malishoni, ikaua ng'ombe wanne wa baba mdogo waliokuwa wamejikinga chini yake. Kabla jua halijatua, jina la mzee mmoja jirani lilikuwa midomoni mwa watu, ya kuwa ndiye aliyeituma, maana yeye na baba mdogo waligombania mpaka wa shamba. Usiku ule mzee hakulala kwake.

Niliporudi shuleni nilimpelekea mwalimu wetu wa Jiografia maswali yaliyoulizwa nyumbani. Nayaandika hapa pamoja na majibu yake, kwa kuwa naamini wasomaji wengi wameyasikia makwao.

Kwa nini radi ni nyingi kwetu?

Sababu ya kwanza ni Ziwa Viktoria. Ya pili ni vilima vyetu. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Tarime vyapita mita 1,500. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu huwa nyepesi, hupanda, na hewa ya ziwani yenye mvuke mwingi huja kushika mahali pake. Ikikutana na vilima, na pepo zitokazo mashariki, haina njia ila kwenda juu. Huko ni baridi: mvuke hugeuka matone, na matone hugeuka barafu. Vipande vya barafu hugongana ndani ya wingu, umeme ukajilimbikiza, na ukizidi huruka hata chini. Ndiyo sababu radi zetu aghalabu hupiga alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, upepo huelekea ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi.

Mbona Serengeti kwingine ni kukavu?

Pepo za kusini-mashariki zitokazo Bahari ya Hindi huacha mvua yao kwenye milima ya Ngorongoro. Nyanda zilizo nyuma ya milima hiyo hupata yapata milimita 500 kwa mwaka. Upande wa kaskazini-magharibi hupata zaidi ya 1,000. Nyumbu walijua jambo hili bila kwenda shule: nyanda zikikauka, huhamia kaskazini hadi Mto Mara. Basi mvua na radi hufuata maji, milima na upepo. Hazitazami nani kagombana na nani.

Mbona ng'ombe wanne, na mti ni mmoja?

Hili aliliuliza baba mdogo mwenyewe. Umeme ukiisha kushuka kwenye mti huenea ardhini. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma. Umeme hupandia huku na kutokea kule, ukipita moyoni. Kwa hiyo sisi tuchungao tusijikinge chini ya mti, wala tusishike waya wa ua. Tuingie nyumba ya matofali au gari lililofungwa. Kama hakuna, tukae mbali na miti na vilele, tuchuchumae, miguu pamoja. Hesabu tangu mwanga hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Lakini ukisikia ngurumo tu, hatari i karibu. Usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Naye aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Usiogope kumshika, msaidie mara moja na kumpeleka hospitali.

Likizo ya Juni nilimsomea baba mdogo majibu haya. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza tena habari ya miguu ya ng'ombe. Jumamosi ile alikwenda mwenyewe kumjulia hali yule mzee. Kesi ya mpaka bado wanaisema mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, lakini radi hawaitaji tena.