Machozi ya mzazi si kudeka

Timboroa, kule milimani kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, baridi humweka mzazi ndani siku nyingi. Wageni humiminika kumwona mtoto. Mama akikutwa analia, huambiwa anadeka, au hana shukrani.

Lakini yako mambo yanayotendeka mwilini mwake. Wakati wa mimba, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda mno. Kondo la nyuma likishatoka, hushuka kwa ghafla, na katika siku chache huwa zimerudi zilivyokuwa kabla ya mimba. Ongeza maumivu na kukosa usingizi, na si ajabu kwamba zaidi ya nusu ya wazazi hulia ovyo kuanzia siku ya tatu hivi. Hali hii haihitaji dawa. Huisha yenyewe.

Ikipita wiki 2, hilo ni jambo jingine. Chakula hakimpendezi, mtoto akilala yeye halali, anajiona hafai, pengine anamtazama mwanawe asihisi lolote. Huo ni unyogovu, nao ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea huwapata karibu wazazi 1 kati ya 5. Homoni peke yake haziuleti, maana kila mzazi hushukiwa nazo. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyewahi kuugua hivyo, anayepigwa, au asiye na wa kumsaidia.

Jirani zetu Waganda waliuita wazimu wa uzazi amakiro, wakiamini unatokana na uzinzi wakati wa mimba. Daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza wazazi huko Uganda miaka ya 1970. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10 ya Edinburgh, ambayo hujibiwa kwa dakika chache tu. La mwisho huuliza kama mama amefikiria kujidhuru. Kliniki ya wiki 6 ingefaa sana kwa maswali hayo, lakini mara nyingi anayepimwa ni mtoto tu!

Matibabu ni ushauri, na dawa ikibidi. Ziko zinazofaa hata kwa anayenyonyesha. Mzazi anayesikia sauti, au anayesema mtoto ni shetani, asiachwe peke yake naye. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kutoka Timboroa, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ina wodi ya magonjwa ya akili.