UZI: Daftari la thamani ya ardhi ni la umma. Mbona haliko maktaba?

1/ Kila msimu wa bajeti ya kaunti, hapa Kitengela ugomvi ni uleule. Huyu anasema, "Reti ziko juu, mnataka kutufukuza kwetu." Yule anajibu, "Wenye ardhi hawalipi, ndiyo maana barabara za mtaani ni matope." Nimesikia hoja hizi kwenye mabaraza, kwenye matatu na hapa mtandaoni. Sijasikia hata upande mmoja ukitoa takwimu. Leo nataka tuelewane takwimu zenyewe ni zipi, ni za nani, na kwa nini mwanafunzi kama mimi hazipati. Uzi ni mrefu kidogo. Mwishoni kuna barua ya kunakili.

2/ Kwanza maneno. Reti ni pesa ambazo mwenye ardhi analipa kaunti kila mwaka. Usichanganye na kodi ya ardhi, ile ambayo mwenye hati ya kukodisha ardhi ya serikali anailipa serikali ya kitaifa. Mamlaka ya kaunti kutoza reti yako kwenye Katiba, Kifungu cha 209(3). Ni kwa kaunti zote 47. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema reti ni uonevu uliobuniwa juzi na watu fulani, hapo amekosea. Cha kubishania ni kiasi, na nani anabeba mzigo.

3/ Reti inahesabiwaje? Kwa miaka mingi sheria yetu imetambua njia tatu: kwa ukubwa wa ardhi, kwa kadiri shamba lingeweza kukodishwa, au kwa thamani ya kiwanja chenyewe bila kuhesabu nyumba iliyojengwa juu. Hii ya tatu ndiyo inaleta kelele mijini. Kaunti inataja asilimia, halafu asilimia hiyo inapigwa kwenye thamani ya ardhi yako. Lakini hiyo thamani iliamuliwa na nani, lini, na imeandikwa wapi?

4/ Imeandikwa kwenye daftari la uthamini. Mthamini anapita eneo zima, na kila kipande kinaandikwa kilipo, ukubwa wake, jina na anwani ya mwenyewe, na thamani yake. Chini ya sheria iliyotumika kwa miongo mingi, rasimu ya daftari ililetwa mbele ya baraza, tangazo likatolewa, na wananchi wakaruhusiwa kuikagua. Usiporidhika, ulikuwa na siku 28 za kupinga. Desemba 2024 ilitiwa saini Sheria ya Kitaifa ya Reti, ikachukua nafasi ya sheria mbili za zamani, moja yao ikiwa ya tangu enzi za mkoloni.

Shika hapo: tangu mwanzo hili daftari lilikuwa kitu cha kukaguliwa na wananchi. Halikuwa siri ya ofisi.

5/ Sasa mfano. Nambari hizi ni zangu za kuelezea tu, msizipige skrinshoti mkasema ndizo za Kajiado. Tuseme reti ni nusu asilimia ya thamani. Mama ana ploti ya futi 50 kwa 100 karibu na barabara ya Namanga, imethaminiwa milioni 2. Atalipa 10,000 kwa mwaka. Mzee ana ekari 50 za malisho, na mthamini ameandika milioni 1 kwa kila ekari kwa sababu jirani aliuza ploti kwa bei hiyo. Mzee atadaiwa 250,000. Mama anapangisha vyumba, kila mwezi anaona pesa. Mzee ana ng'ombe, na mwaka wa ukame hata hao hana.

6/ Mfano wa mzee sikuutoa hewani. Kwenye mkutano mmoja wa hadhara nilimsikia mzee akisimama na kuuliza, "Nikilipa hii, niuze ng'ombe au niuze ardhi?" Ukumbi ulinyamaza. Halafu kijana mmoja nyuma akajibu, "Mzee, wewe ni tajiri, una ekari!" Watu wakacheka.

Wote wawili wana hoja. Lakini swali lenyewe halikujibiwa: ardhi ya mzee iliandikwa kwenye daftari kama malisho au kama ploti zinazosubiri mnunuzi? Hakuna aliyejua. Mzee mwenyewe pia hakujua.

7/ Kwa nini hili ni zito zaidi kwetu? Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ranchi ya kikundi, chini ya sheria ya 1968 iliyowapa wafugaji hati moja ya pamoja. Miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Mwaka 1990 ukaja mpango wa viwanda vya kuuza bidhaa nje, na Athi River hapo jirani ikapata EPZ. Wafanyakazi wakaja, ploti zikakatwa, nyua zikapanda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 154,000 mjini Kitengela pekee, na zaidi ya milioni 1.1 Kajiado nzima. Ardhi iliyokuwa njia ya nyumbu na pundamilia kutoka Mbuga ya Nairobi leo ina mabati na maduka. Katika sehemu inayobadilika kasi hivi, daftari la thamani linazeeka haraka sana.

8/ Na daftari likizeeka, halizeeki sawa kwa wote. Mtaa ambao bei imepaa unaendelea kulipa kwa thamani ya zamani, ya chini. Mtaa ambao bei imesimama unalipa karibu na thamani yake halisi. Yaani aliyebaki nyuma anambeba aliyeinuka, na hakuna aliyepiga kura iwe hivyo. Ukitazama jumla ya makusanyo ya kaunti huwezi kuliona jambo hili. Linaonekana tu ukiweka vipande vyote mezani na kulinganisha thamani iliyoandikwa na bei halisi za mauzo.

9/ Jirani zetu Nairobi walitumia daftari la 1982 kwa karibu miongo minne. Reti ilifika asilimia 34 ya thamani ya wakati huo. Lilipoandaliwa daftari jipya, asilimia iliyotajwa ikawa 0.115 ya thamani mpya. Kwa mtu asiyejua, 34 ni wizi na 0.115 ni zawadi. Kumbe kuna wenye ardhi ambao wangelipa zaidi kwa 0.115 kuliko kwa 34! Ndiyo maana mwanasiasa akikuahidi "kupunguza asilimia," muulize: asilimia ya thamani gani?

10/ Je, data hii ikifunguliwa inasaidia kweli? Tazama Chicago, Marekani. Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune, likifanya kazi sambamba na watafiti wa chuo kikuu, lilichambua rekodi za uthamini za Cook County. Likaonyesha kwamba nyumba za bei ya chini zilikuwa zinathaminiwa juu kupita kiasi, na nyumba za matajiri chini. Maskini walikuwa wanalipa sehemu kubwa kuliko haki yao, miaka nenda miaka rudi. Baada ya hapo ofisi ya uthamini ya huko ilianza kuchapisha data yake, pamoja na hesabu inazotumia. Hapakuwa na haja ya jasusi kuiba faili. Watu walipata rekodi, wakahesabu.

11/ Sasa yangu. Muhula uliopita nilitaka kuandika karatasi kuhusu swali hilihili kwa mitaa mitatu: Noonkopir, Korompoi na upande wa Isinya. Nikaenda ofisi moja ya umma, sina haja ya kuitaja. Mhudumu alinipokea vizuri: "Mtoto wangu, hiyo si ya wanafunzi. Lete barua ya chuo." Nikaleta barua. Nikaambiwa wa kuidhinisha yuko kwenye mkutano. Mara ya tatu nikaambiwa naweza kulipia utafutaji wa kipande kimoja kimoja. Mimi nilihitaji vipande 300. Hiyo ni ada ya muhula!

12/ Nikarudi maktaba ya chuo. Mkutubi, mama mmoja mtaratibu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ningekuwa nalo ningekupa. Hakuna aliyewahi kutuletea." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na kusema kweli, sisi pia hatujawahi kuomba."

Karatasi niliiandika kwa bei za matangazo ya madalali. Mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni bei ya dalali, si thamani." Na alikuwa sahihi.

13/ Hilo neno la mkutubi limenikaa kichwani. Maktaba za vyuo vyetu zina muungano, KLISC, unaowawezesha kununua kwa pamoja majarida ya nje. Kwa hivyo niko Kitengela naweza kusoma makala ya kurasa 40 kuhusu thamani ya nyumba Chicago. Ya ardhi ninayopita nikienda stejini, siwezi. Na ile ya nje inalipiwa, ilhali hii ya kwetu ilishatengenezwa kwa pesa zetu.

14/ Sheria inasemaje? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia: unaandika ombi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulipii kuwasilisha ombi, labda gharama ya nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman. Na huhitaji kueleza unaitakia nini. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi ya Katiba Institute kuhusu matangazo ya serikali, ilisisitiza kwamba habari hizi wananchi hawaombi kama hisani, ni haki yao.

Kwa hivyo ile "lete barua ya chuo" haina msingi. Nilipaswa kuleta ombi tu. Sikujua.

15/ Haya, tusikilize upande wa pili, maana una hoja.

"Ni siri za watu." Kweli, faragha iko kwenye Kifungu cha 31, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini mtafiti hahitaji jina lako. Ondoa jina, anwani na namba ya hati, weka namba ya siri, bakisha mtaa, ukubwa, matumizi na thamani. Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, linafanya hivyo na data za kaya na kuwapa watafiti. Na majibu yetu ya sensa ni ya ndani zaidi kuliko bei ya ploti.

"Matapeli wa ardhi watafurahi." Hapa nakubali hofu yenyewe. Kajiado tunajua ploti moja inavyoweza kuuzwa mara tatu. Ndiyo maana siombi daftari zima lenye majina limwagwe mtandaoni. Lakini tapeli anahitaji jina na namba ya hati, na hivyo ndivyo vitu tunavyoondoa.

"Kuna Ardhisasa." Ndiyo, ilizinduliwa 2021, na ni hatua nzuri. Ila utafutaji wake unajibu swali la mtu mmoja kuhusu ploti moja. Haujibu kama mtaa mzima unatozwa kwa haki.

16/ Kwa nini maktaba, si tovuti ya kaunti tu? Kwanza, tovuti hubadilika uongozi ukibadilika, na faili za zamani hupotea. Maktaba kazi yake ni kutunza toleo la zamani kando ya jipya, na bila ya zamani huwezi kuona mabadiliko. Pili, maktaba inaweza kuwa na ngazi mbili: nakala isiyo na majina kwa kila msomaji, na nakala kamili kwa mtafiti aliyeidhinishwa, inayosomwa palepale bila kutoka nayo. Tatu, maktaba haigombei kiti. Upande wa serikali na upande wa upinzani wakisoma jedwali moja, angalau watagombana kuhusu kitu kilekile.

17/ Barua ndiyo hii. Nakili, badilisha, tuma:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya kielektroniki ya daftari la uthamini linalotumika sasa, pamoja na matoleo yaliyotangulia, kwa eneo la ______. Naomba majina, anwani na namba za hati ziondolewe, na zibaki mtaa, ukubwa, matumizi, thamani na tarehe ya uthamini. Ikiwa sehemu fulani haiwezi kutolewa, naomba nipewe zilizobaki pamoja na sababu kwa maandishi."

Weka tarehe. Baki na nakala iliyogongwa muhuri, au barua pepe yenye siku na saa. Bila hiyo huna pa kuanzia kuhesabu siku 21.

18/ Na kwa wale hawatatuma barua: Muswada wa Fedha wa kaunti ukiletwa kwenye ushirikishaji wa umma, uliza mambo mawili tu. Daftari hili ni la mwaka gani? Na nakala yake iko maktaba gani? Ukijibiwa "tutafuatilia," omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

19/ Yangu nimeituma Jumatatu, na nakala nimempa mkutubi. Ameniambia safari hii maktaba nayo itaandika ombi lake. Siku 21 zikiisha nitarudi kwenye uzi huu na jibu, liwe lolote. Kama wewe ulishawahi kuomba kwenye kaunti yako, andika hapo chini uliambiwa nini, bila kutaja jina la mhudumu.